Springi Ndogo na Mbio za Injini: Somo kwa Vikundi Vyenye Gari au Mashine ya Kusaga



Somo hili lilianzia kwenye mkutano wa kikundi kimoja hapa karibu na Kabati. Kikundi hicho kina pikapu kuukuu ya petroli, ya silinda 4, ambayo hubeba ndengu na maembe ya wanachama hadi Kitui mjini, na wakati wa kiangazi hubeba mitungi ya maji. Tangu barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo, Kitui na Kabati hadi Migwani itiwe lami, kila mwenye gari anataka mbio. Wanachama walikuwa wamechoka kupitwa njiani, na kufika sokoni wakati wanunuzi wameshajaza magunia yao.

Basi kijana mmoja fundi, mtoto wa mwanachama, akasimama na kusema, "Akina mama na wazee, shida si gari. Injini ndiyo imelala. Tukitoa kamshafti hii tuweke ya rali, halafu springi ngumu za valvu, hii gari itavuta raundi 7000 na hakuna mtu ataiona tena." Vijana wakapiga makofi. Mama mweka hazina akauliza, "Na hiyo springi, mwanangu, kazi yake ni gani? Kwa maana pesa zilizoko ni za kumalizia tangi la maji, na siwezi kuzitoa kwa kitu nisichokijua."

Kijana alijaribu kujibu, lakini maneno ya gereji yakawa mengi kuliko maelezo, na watu wakaanza kuangalia saa. Mkutano ukaahirishwa kwa wiki 2. Mimi nikaombwa nije nieleze, kwa sababu nilishika spana miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Haya ndiyo niliyowaambia, pamoja na machache niliyoyakumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani.

MLANGO NA ANAYEUFUNGA

Kila silinda ya injini ni kama chumba chenye milango miwili. Mlango mmoja huingiza hewa na mafuta, mwingine hutoa moshi. Milango hiyo ndiyo valvu. Ukiishika valvu mkononi utaona inafanana na uyoga wenye shina refu jembamba. Kichwa cha uyoga hukaa juu ya siti yake na kuziba kabisa, kama kifuniko kizuri cha sufuria.

Anayeufungua mlango ni kamshafti, yaani chuma kirefu chenye vinundu vyenye umbo la yai. Katika pikapu kama ile ya kikundi, kamshafti iko chini, ubavuni mwa injini. Kinundu kikizunguka kinainua tapeti, tapeti inasukuma fimbo tunayoiita pushirodi, pushirodi inainua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka unaikandamiza valvu mpaka ifunguke. Aliyewahi kuona watoto wakipanda ubao, huyu akienda juu yule akishuka, tayari ameielewa roka.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Kamshafti inajua kufungua tu, haijui kufunga. Kinundu kikishapita, hakuna chuma chochote kinachoivuta valvu irudi. Kazi hiyo ni ya springi peke yake. Springi inairudisha valvu, roka, pushirodi na tapeti vyote pamoja, na inahakikisha vinaufuata mgongo wa kinundu bila kuachana nao. Springi yenyewe inatosha kwenye kiganja cha mkono.

Je, kazi hiyo inafanyika mara ngapi? Katika injini za mipigo 4, ambazo ndizo nyingi, kila valvu hufunguka mara 1 kwa kila mizunguko 2 ya krankishafti. Injini ikiwa raundi 3000 kwa dakika, valvu inafunguka mara 1500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Raundi 6000, ni mara 50 kwa sekunde.

KUONGEZA KIDOGO SI KUONGEZA KIDOGO

Mzee mmoja alisema, "Basi kama springi imeweza raundi 5000, ya 6000 itashindwaje? Si ni kuongeza moja tu?" Wengi wetu tungefikiri hivyo. Lakini fikirieni mama aliyebeba debe la maji kichwani. Akigeuka polepole, maji yanatulia. Akigeuka kwa ghafla, maji yanataka kuendelea na safari yao ya kwanza, na yeye analazimika kuyazuia kwa shingo. Kadiri anavyogeuka upesi, shingo inaumia zaidi, na haiumii kwa kiwango kilekile cha haraka yake.

Valvu nayo ni kitu chenye uzito kinachogeuzwa safari kila mara: inaenda chini, inasimama, inarudi juu. Nguvu inayohitajika kuigeuza hupanda kwa hesabu ya mbio mara mbio. Ukizidisha raundi mara 2, nguvu inazidi mara 4. Ukizidisha mara 3, nguvu inazidi mara 9. Kutoka raundi 5000 hadi 6000, mbio zimeongezeka kwa sehemu 20 katika 100, lakini nguvu inayodaiwa imeongezeka kwa sehemu 44. Na kutoka 5000 hadi zile 7000 za kijana wetu, nguvu inakaribia mara 2 ya ile ya mwanzo. Mama mweka hazina aliandika hesabu hiyo kwenye daftari lake. Nilimwona.

Springi ikidaiwa kuliko uwezo wake, kinundu kinapita kabla tapeti haijakifuata. Mafundi husema valvu inaelea. Mlango unabaki wazi wakati unapopaswa kuwa umefungwa, na mgandamizo unatoroka. Dereva anakanyaga mafuta lakini nguvu haiji. Injini inatoa sauti kama ya bati linalopigwa, na mbio hazipandi tena. Valvu ikirudi nayo hairudi kwa utaratibu, inagonga siti na kuruka, inagonga tena. Mwisho wa hayo si mzuri. Vile vipande viwili vidogo vinavyoishika springi shingoni mwa valvu vinaweza kuchomoka. Valvu ikikosa cha kuishikilia, inadondoka ndani ya silinda, na pistoni inapanda kuikuta. Hapo mtu haulizi tena habari ya springi, anauliza bei ya injini nyingine.

Mimi nakiri kwamba niliwahi kuharibu injini kwa njia hii, nikiwa kijana na nikijiona fundi. Mwenye gari alitaka mbio. Sikuwa na springi mpya, kwa hiyo niliweka washa mbili chini ya kila springi ya zamani ili iwe ngumu zaidi. Iligeuka ngumu kweli. Sikupima kitu. Valvu ilipofunguka kabisa, mizunguko ya springi ilikutana ikawa kama bomba moja la chuma, haina nafasi tena ya kubonyea. Lakini kinundu kilikuwa bado kinasukuma. Pushirodi mbili zilipinda kabla gari halijatoka mtaani. Nilishukuru kwamba zilipinda pushirodi, kwa maana kingeweza kuvunjika kitu kikubwa zaidi. Washa moja nyembamba ya kuirudishia springi urefu wake wa kitabu si kosa. Kosa ni kuibandikia kwa kubahatisha.

HABARI ZA RALI

Kijana alitaja rali, na tusimcheke. Safari ilianza mwaka 1953, na wazee wengi wa Kenya wanaikumbuka kwa vumbi lake. Ukiyatazama magari yaliyoshinda, utaona mambo mawili.

Kwanza, hayakuwa yote magari ya raundi za juu. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Injini yake ilikuwa na kamshafti ya chini na pushirodi, kama pikapu ya kikundi chetu. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya na mtu aliyejua kazi ya gereji, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiendesha Volvo PV544, ambayo nayo ni ya pushirodi. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7. Kwenye njia ya namna hiyo gari la kwanza ni lile ambalo bado linatembea.

Pili, waliotaka raundi za juu hawakubadilisha springi tu. Walibadilisha mpango mzima wa kufungua valvu. Datsun 240Z, iliyoshinda 1971 na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ilikuwa na kamshafti juu ya hedi yenyewe. Pushirodi hakuna tena. Kila kitu ulichokiondoa njiani ni uzito ambao springi haihitaji kuugeuza. Ford Escort RS1600, ambayo Hannu Mikkola alishinda nayo 1972 akiwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuichukua Safari, ilikwenda mbali zaidi. Ilikuwa na kamshafti mbili juu na valvu 16 kwa silinda 4. Mtu anaweza kuuliza, valvu nyingi si uzito mwingi? La. Badala ya mlango mmoja mkubwa mzito wa kuingiza hewa, una milango miwili midogo miepesi, na kila mmoja una springi yake. Hewa inapita nyingi, na kila springi ina mzigo mdogo.

Kuna hata waliojaribu kuachana na springi. Mercedes katika magari yao ya mbio ya mwaka 1954 waliweka kinundu cha kufungua na kingine cha kufunga. Pikipiki za Ducati zimejulikana kwa mtindo huo miaka mingi. Renault nao mwaka 1986 waliweka hewa iliyobanwa mahali pa springi za chuma katika Formula One, na kwa njia hiyo mwaka 2006 injini za mashindano hayo zilifika raundi 20,000 kwa dakika. Ajabu kweli, lakini hizo ni injini za kufunguliwa na kujengwa upya baada ya kazi ya siku chache. Hazibebi ndengu.

Na wengine walitafuta nguvu bila kutafuta raundi. Audi 200 iliyoshinda Safari mwaka 1987, tena na Mikkola, ilikuwa na silinda 5 na valvu 10 tu, yaani mbili kwa kila silinda kama za pikapu yetu. Nguvu yake ilitoka kwenye tabo, ambayo inasukuma hewa nyingi ndani kwa nguvu. Milango ni ileile, lakini wanaoingia wamesukumwa.

SPRINGI MOJA INALETA NDUGU ZAKE

Tukarudi kwenye swali la pesa. Nilimwomba kijana asimame karibu nami, tukahesabu pamoja kinachohitajika ili pikapu ivute raundi 7000 bila kuvunjika. Nasema pamoja kwa sababu alikuwa anajua mengi. Hakuwa ameulizwa tu kwa mpangilio.

Unaanza na kamshafti ya vinundu virefu zaidi, ili valvu zifunguke sana na kukaa wazi muda mrefu. Kamshafti hiyo inadai springi ngumu, mara nyingi mbili, ndogo ndani ya kubwa, ili moja ikitetemeka nyingine iitulize. Springi ngumu inakandamiza tapeti juu ya kinundu kwa nguvu zaidi, kwa hiyo tapeti na kamshafti vinalika upesi kama oili si nzuri au imechelewa kubadilishwa. Pushirodi za kawaida zinaweza kupinda, basi unatafuta nene zaidi. Roka nazo na mihimili yake. Kifuniko cha juu cha springi kinatakiwa kiwe chepesi, na wenye mifuko mirefu huweka cha titani. Kama injini ina tapeti zinazojazwa oili, zile zisizohitaji kupigwa geji, hizo nazo kwa raundi za juu hujaa kupita kiasi na kuzuia valvu isifunge, kwa hiyo unaweka za chuma kitupu.

Halafu ni kupima. Valvu ikifunguka sana inaweza kukutana na pistoni. Mafundi wazuri huweka udongo laini wa kufinyangia juu ya pistoni, hufunga hedi, huizungusha injini kwa mkono polepole mizunguko 2 kamili, kisha hufungua na kuukata udongo kuona umebaki unene gani. Ukiwa mwembamba kama karatasi, kazi inarudi mwanzo.

Na hapo hatujagusa chini. Pistoni na konrodi nazo zinageuka safari kila mzunguko, na hesabu yao ni ileile ya mbio mara mbio. Bolti za konrodi zilizotosha raundi 5000 zinadaiwa karibu mara 2 kwa raundi 7000. Mtu akiimarisha valvu akaacha chini, amehamisha tu mahali pa kuvunjika.

Kisha kuna jambo ambalo vijana hawapendi kusikia. Kamshafti ya rali inatoa nguvu huko juu, lakini inaipunguza huku chini. Kwenye raundi 1500 au 2000 injini inakohoa na kutetemeka. Sasa niambieni, pikapu yenye magunia 10 ikitoka shambani kwenye mchanga, inatumia raundi gani? Mzee aliyeuliza swali la kwanza alijibu mwenyewe: "Za chini." Na wenye magari ya kisasa wasifikiri wameokoka. Kompyuta ya gari hukata mafuta raundi zikizidi, na anayelipa ili kizuizi hicho kiondolewe amelipa ili springi zake zijaribiwe.

WALICHOFANYA

Mama mweka hazina alisema, "Kwa hiyo tangi lote litaingia ndani ya injini." Watu wakacheka, kijana pia. Lakini alikuwa na neno la kujitetea, na lilikuwa la haki: "Lakini mama, gari kweli haina nguvu. Si kama zamani." Nikamwambia basi tuifungue tuone, bila kununua kitu kwanza.

Silinda ya tatu ilikuwa na mgandamizo mdogo. Pengo la tapeti ya valvu ya moshi lilikuwa limeisha kabisa, na ukingo wa valvu ulikuwa umeanza kuungua. Springi kadhaa zilikuwa zimechoka. Yaani injini haikuwa imelala kwa kukosa vitu vya rali. Ilikuwa na mlango mmoja usiofunga, na katika raundi za juu milango mingine ilianza kuelea mapema kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza.

Pengo la tapeti linastahili maneno machache zaidi, kwa maana ndilo linaloharibu injini nyingi vijijini. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kwa hiyo mtengenezaji huacha nafasi ndogo kati ya roka na valvu, sehemu chache za kumi za milimita, na kwa kawaida ya moshi huwa kubwa kuliko ya hewa kwa sababu valvu ya moshi hupata joto la nyuzi zaidi ya 700 za Selsiasi. Valvu hiyo hupoa inapokaa kwenye siti. Sehemu kubwa ya joto lake inatokea hapo. Nafasi ikiisha, valvu haikai sawasawa, haipoi, na inaungua. Nafasi ikiwa kubwa mno unasikia tak-tak-tak, na valvu inapigwa badala ya kusukumwa. Kati ya makosa hayo mawili, afadhali lile linalopiga kelele, kwa maana lile lingine linakunyamazia mpaka valvu iungue. Kitabu cha gari kinasema kipimo, na kinasema kama kinapimwa injini ikiwa baridi au moto. Fila geji ni chombo ambacho kila kikundi chenye injini kinaweza kumudu.

Kikundi kilinunua valvu ya moshi, springi mpya za kipimo cha kawaida na gasketi ya hedi. Kijana alisaga valvu na siti zake kwa mkono siku nzima, akapiga tapeti zote upya, akaweka taimingi. Pikapu haikuanza kuruka. Ilirudi kuwa pikapu. Inapanda mlima kwa gia ya tatu mahali ilipokuwa inalilia ya pili. Tena walikubaliana kuondoka alfajiri, saa moja mapema kuliko zamani, na jambo hilo halikuhitaji spana. Pesa nyingi za tangi zilibaki.

KUPIMA SPRINGI BILA MASHINE

Kijana alinionyesha njia ambayo nafurahi kuiandika hapa. Springi ya zamani na mpya husimamishwa bega kwa bega juu ya kioo. Ya zamani ikiwa fupi, imechoka. Ikiinama upande, haifai, kwa sababu inailazimisha valvu kusugua gaidi upande mmoja. Kisha springi mbili hizo hulazwa kwenye vaisi, ncha kwa ncha, na kipande bapa cha chuma katikati, halafu unakaza vaisi polepole. Zote mbili zinasukumwa kwa nguvu ileile, kwa hiyo inayobonyea zaidi ndiyo dhaifu. Funika springi kwa gunia wakati unakaza, maana ikichomoka inaruka kama risasi.

Jambo lingine kwa madereva. Springi haijui ni nani anayezungusha injini. Mtu anaweza kuipitisha kiwango bila kukanyaga mafuta hata kidogo. Kwenye mteremko mrefu na mzigo, ni vizuri kushuka na gia ya chini, lakini iingize kabla ya kuanza kushuka. Dereva anayekimbia kwa gia ya nne halafu akaitupa ya pili, magurudumu ndiyo yatakayoisukuma injini, na itafika raundi ambazo mguu wake usingeweza kuifikisha.

WENYE MASHINE YA KUSAGA

Najua vikundi vingi havina gari ila vina mashine ya posho, na hapa hesabu ya mbio mara mbio ni ya uhai wa watu. Injini za dizeli za mtindo wa Lister, zenye magurudumu mawili mazito, ziliundwa kwenda polepole. Ile ya nguvu ya farasi 6 ni raundi 650 kwa dakika. Kuna nyingine za 850, 1000 au 1500, na kibao cha injini kinasema. Kinachoilinda isizidi ni gavana na springi yake. Foleni ikiwa ndefu, mwendeshaji hushawishika kuikaza springi ya gavana ili unga utoke upesi. Valvu zitalalamika, lakini kitu cha kuogopa zaidi ni lile gurudumu. Ukingo wake unavutwa nje kwa hesabu ileile, na ni chuma cha kumimina, ambacho hakipindi kwanza. Kikizidiwa kinapasuka, na vipande vyake havizuiliwi na ukuta wa matofali ya udongo.

Basi kabla ya mkutano wenu ujao, pimeni raundi za mashine yenu. Hamhitaji chombo cha kununua. Injini ikiwa imezimwa, pimeni kwa kamba mzunguko wa puli ya injini, kisha urefu wote wa mkanda. Pigeni alama nene ya chaki kwenye mkanda. Washeni, mpeni mashine kazi yake ya kawaida, na mtu mmoja asimame mbali ya mkanda, asiwe kwenye mstari wa magurudumu, leso na mikono mirefu ya nguo ikiwa imefungwa. Ahesabu alama inapita mara ngapi kwa dakika nzima, na mwingine ashike saa.

Mfano: mkanda una urefu wa mita 6, na mzunguko wa puli ni mita 1 na sentimita 20. Kila mara alama inapopita, injini imezunguka mara 5. Ikipita mara 130 kwa dakika, injini iko raundi 650. Ikipita mara 156, iko raundi 780, na nguvu inayovuta ukingo wa gurudumu imezidi kwa sehemu 44 katika 100, kama ile ya springi tuliyoihesabu mwanzoni. Katibu aandike namba hiyo kwenye kitabu pamoja na ile ya kibao, na tarehe. Kama namba yenu imezidi ya kibao, zimeni mashine siku hiyohiyo na mwite fundi alegeze gavana, hata kama foleni inafika barabarani.